Mashabiki wa Tolkien wanabishania nini hasa?

Katika sura ya tano ya kitabu cha pili cha riwaya ya The Lord of the Rings, mchawi Gandalf anakabiliana na zimwi la moto na giza liitwalo Balrog juu ya daraja jembamba ndani ya migodi ya Moria. Mwandishi, J.R.R. Tolkien, anaeleza kwanza kwamba kivuli kilicholizunguka zimwi lile kilitanuka mfano wa mabawa mawili makubwa. Aya chache baadaye anaandika kwamba zimwi lilijiinua likawa refu mno, na mabawa yake yakatanda kutoka ukuta hadi ukuta. Sentensi hizo mbili zimewagawa wasomaji kwa miongo mingi. Wapo wanaoshikilia kwamba sentensi ya kwanza imeweka tashbihi na ya pili inaiendeleza tu, kwa hiyo kilichotanda ni kivuli. Wapo wanaojibu kwamba sentensi ya pili haina neno lolote la kufananisha, na mwandishi anapotamka mabawa msomaji hana ruhusa ya kumkatalia. Kundi la kwanza linauliza kwa nini kiumbe chenye mabawa kilitumbukia shimoni pasipo kuruka. Kundi la pili linakumbusha kwamba mbuni naye ana mabawa. Peter Jackson alipotoa filamu yake mwaka 2001 na kulionyesha zimwi likiwa na mabawa, wengi waliomjua Tolkien kupitia sinema waliliona suala limekwisha, ilhali picha ya mwongozaji ni fasiri ya msomaji mmoja zaidi, hata kama msomaji huyo ana bajeti kubwa kuliko wenzake.

Mabawa hayo si jambo zito, lakini yanatuonyesha waziwazi aina moja ya ubishi. Wanaobishana hapa wanauliza juu ya tukio lililomo ndani ya dunia ya kubuni, kana kwamba dunia hiyo ina ukweli wake unaoweza kuchunguzwa. Wala si upuuzi kuuliza hivyo. Katika mhadhara alioutoa mwaka 1939 katika Chuo Kikuu cha St Andrews, Uskoti, Tolkien alieleza kwamba mtunzi wa hadithi za ajabu hujenga dunia ya pili ambayo akili ya msomaji inaweza kuingia, na kwamba ndani ya dunia hiyo anachosimulia ni kweli madhali kinakubaliana na kanuni za dunia yenyewe. Mtu aliyebuni lugha zenye sarufi na historia ya matamshi, akachora ramani, akapanga kalenda na kuandika nasaba za vizazi na vizazi, amewaalika wasomaji wamuulize maswali ambayo kwa kawaida huulizwa wanahistoria.

Tatizo linaanza pale watu walewale, katika mazungumzo yaleyale, wanapohama kutoka swali la mabawa na kuingia katika swali la maana ya Pete, ile pete ya uchawi ya Sauron, bwana wa uovu, ambayo riwaya nzima ni safari ya kwenda kuiharibu, wakidhani bado wanauliza jambo la aina ileile. Kuuliza nini kilitokea katika dunia ya hadithi ni jambo moja. Kuuliza mwandishi alikusudia nini ni jambo la pili. Maandishi yenyewe yanabeba nini, awe mwandishi alikusudia au hakukusudia, ni jambo la tatu. Na msomaji anakifanyia nini kitabu hicho katika maisha yake ni jambo la nne. Kila swali lina ushahidi wake. Ninaamini kwamba sehemu kubwa ya ugomvi wa mashabiki wa fantasia inatokana na mtu kujibu swali moja kwa ushahidi wa swali jingine, kisha kushangaa kwa nini mwenzake hashawishiki.

Tuchukue mfano mkongwe kuliko yote. Juzuu tatu za riwaya hiyo zilitoka kati ya Julai 1954 na Oktoba 1955, wakati wasomaji wa Uingereza walikuwa bado wanaikumbuka vita kuu ya pili na mabomu yaliyoangukia Hiroshima na Nagasaki mwaka 1945. Hapo ndipo walipokutana na hadithi ya silaha yenye nguvu za kutisha ambayo haifai kutumiwa hata na watu wema, na ya adui wa upande wa mashariki anayetaka kuitawala dunia yote. Wengi walihitimisha papo hapo kwamba Pete ni bomu la atomiki na kwamba Sauron ni Hitler au Stalin. Tolkien aliwajibu katika utangulizi wa toleo la pili, lililotoka Marekani mwaka 1965 na Uingereza mwaka 1966. Alieleza kwamba alianza kazi hiyo muda mfupi baada ya kuandika kitabu cha The Hobbit na kabla hakijachapishwa mwaka 1937, na kwamba sura inayosimulia historia ya Pete ni miongoni mwa sehemu za zamani kabisa, iliyoandikwa kabla dalili za vita hazijawa wazi.

Hoja yake ya pili, ambayo wengi huiruka, ina uzito zaidi kuliko ya tarehe. Alisema kwamba kama vita halisi vingekuwa kielelezo cha hadithi yake, mambo yangekwenda vingine kabisa. Pete isingeharibiwa, ingetekwa na kutumiwa dhidi ya Sauron. Ngome ya Sauron, Barad-dûr, isingebomolewa, ingekaliwa na washindi. Mchawi msaliti Saruman, katika vurugu za siku hizo, angepata huko Mordor, nchi ya Sauron, maarifa aliyoyakosa, akajitengenezea Pete yake mwenyewe na kumpinga aliyejitangaza mtawala. Na katika mgogoro huo pande zote mbili zingewadharau wale hobiti, watu wafupi ambao ndio waliobeba Pete, na ambao wasingedumu hata kama watumwa. Ni aya kali, na inaonyesha kwamba Tolkien hakuikataa istiara hiyo, yaani kuisoma hadithi kana kwamba kila kitu ndani yake kinasimama badala ya kitu kingine, kwa sababu ya kuchukia siasa. Aliikataa kwa sababu hailingani na mwenendo wa hadithi: historia ya karne ya 20 ni historia ya wenye nguvu waliochagua kuitumia Pete, na kitabu chake kinasimulia kinyume chake.

Katika utangulizi huohuo alitamka sentensi ambayo mashabiki huikariri kama aya ya msahafu, kwamba haipendi istiara kwa namna zake zote. Lakini anayeikariri aghalabu huishia hapo, na kwa kuishia hapo anaigeuza maana. Tolkien aliendelea kusema kwamba anapendelea historia, ya kweli au ya kubuni, kwa kuwa inaweza kuhusishwa kwa njia nyingi na fikra na maisha ya wasomaji. Na kwamba watu wengi huchanganya mambo mawili, moja likiwa mikononi mwa msomaji aliye huru, jingine likiwa katika mamlaka ambayo mwandishi anakusudia kuwa nayo juu ya msomaji. Hakuna mahali aliposema kwamba hadithi yake haina maana nje ya hadithi. Alichokataa ni mwandishi kumshika msomaji mkono na kumwambia kwamba hiki ni kile na yule ni fulani. Kwa hiyo shabiki anayemnyamazisha mwenzake kwa sentensi hiyo, akimwambia kwamba asitafute maana yoyote, anatumia maneno ya Tolkien kumnyang'anya msomaji uhuru uleule ambao Tolkien alikuwa anautetea.

Sisi tuliosoma fasihi ya Kiswahili shuleni tuna sababu ya kuwa makini hapa, kwa sababu tumelelewa na kitabu cha istiara. Kusadikika, alichokichapisha Shaaban Robert mwaka 1951, kinatupeleka katika nchi inayoelea angani, ambako Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha elimu ya sheria, naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita za dunia, wakarudi na mambo mema na kuishia kuadhibiwa. Tumezoea kuambiwa kwamba Kusadikika ni Tanganyika chini ya wakoloni, na mtihani unasubiri jibu hilo. Lakini tukitazama kwa karibu, majina yenyewe yanatoa maagizo ya usomaji: mtu anayeitwa Majivuno hahitaji maelezo mengi, na nchi inayoitwa Kusadikika imekwisha kumwambia msomaji namna ya kuikabili. Maandishi yanadai yasomwe kwa namna ya istiara. Hata hivyo hayamtaji Mwingereza popote, na anayeyasoma kama hoja dhidi ya dhuluma ya serikali yoyote, ya kikoloni au ya wenyeji, ana ushahidi wake kurasani. Kinachoiweka Tanganyika humo ni mwaka wa kuchapishwa na hali ya nchi wakati ule, yaani ushahidi ulio nje ya kitabu.

Mazoea hayo ya usomaji tunayachukua na kuyapeleka kwa Frodo, hobiti aliyepewa kazi ya kuiharibu Pete, na kwa Gandalf, ambao majina yao hayatuagizi chochote, na ambao vituko vyao vinakataa kutoshea katika jedwali la hiki ni kile. Nadhani ndiyo sababu Mswahili anayeingia katika fantasia ya Kizungu kwa mara ya kwanza huuliza upesi, Sauron ni nani? Swali si baya. Ni kwamba limeandaliwa kwa ajili ya kitabu cha aina nyingine.

Mambo yanakuwa magumu zaidi tunapofungua barua za Tolkien. Mkusanyo wake ulihaririwa na Humphrey Carpenter akisaidiwa na Christopher Tolkien, mwana wa mwandishi, ukatoka mwaka 1981, na tangu hapo umekuwa ghala la silaha kwa kila upande. Humo mna barua ya Desemba 1953 aliyomwandikia padri rafiki yake, akisema kwamba riwaya yake kimsingi ni kazi ya kidini na ya Kikatoliki, bila kukusudia hapo mwanzo, lakini kwa kukusudia wakati wa kuisahihisha; na kwamba ndiyo maana aliondoa karibu kila dalili ya ibada na taratibu za dini katika dunia ile. Wasomaji Wakatoliki wameshika uzi huo kwa furaha. Wanaonyesha kwamba Pete inaharibiwa tarehe 25 Machi, siku ambayo Kanisa huadhimisha Kupashwa Habari Maria, na kwamba wasafiri walioipeleka Pete waliondoka Rivendell, makao ya Waelfi, jamii ya viumbe wasiokufa, tarehe 25 Desemba. Wanaona katika mkate wa safari wa Waelfi, unaoitia nguvu nia kuliko tumbo, kivuli cha Ekaristi.

Je, huyu si mtu yuleyule aliyesema hapendi istiara? Ndiye, na hajajipinga. Kazi inaweza kuwa ya Kikatoliki kwa namna inavyoutazama uovu, huruma, unyenyekevu na neema, bila mhusika hata mmoja kuwa Kristo. Anayesema kwamba Gandalf ni Yesu kwa sababu alikufa akarudi, lazima aeleze kwa nini Aragorn naye ana dalili za mfalme anayerejea, na kwa nini Frodo ndiye aliyebeba mzigo hadi mlimani. Dalili zimetawanyika kwa watu watatu na hakuna hata mmoja anayeimiliki picha nzima. Hivyo ndivyo imani ya mwandishi inavyoonekana inapokuwa imeyeyuka katika hadithi. Ulinganisho mzuri ni rafiki yake C.S. Lewis, aliyetoa vitabu vya Narnia kati ya 1950 na 1956, na ambaye simba wake Aslan kweli ni Kristo. Lewis naye alikataa neno istiara. Alieleza kwamba alijiuliza tu Kristo angekuwaje endapo kungekuwa na dunia kama Narnia naye akaamua kujimwilisha humo. Wasomaji wengine huiona tofauti hiyo kuwa ya maneno tu. Mimi naiona ni ya kweli, ingawa haibadilishi jinsi kitabu kinavyomgusa mtoto anayekisoma.

Barua ni ushahidi, lakini ushahidi wa ushuhuda, na ushuhuda hupimwa. Nani aliandikiwa? Padri huandikiwa tofauti na mchapishaji. Lini? Tolkien aliandika juu ya dunia yake tangu enzi za vita kuu ya kwanza hadi alipofariki mwaka 1973, na mtu hawezi kukaa na wazo miaka zaidi ya hamsini bila kulibadilisha. Je, barua ilitumwa? Mojawapo ya barua ndefu zinazonukuliwa mno, rasimu ya mwaka 1954 kwa meneja wa duka la vitabu la Kikatoliki mjini Oxford aliyekuwa na wasiwasi juu ya theolojia ya riwaya, haikutumwa kamwe. Tolkien aliandika juu yake kwamba alionekana anajipa umuhimu kupita kiasi. Shabiki anayeibandika rasimu hiyo mezani kama hukumu ya mahakama ya rufaa anasahau kwamba mwenyewe aliiweka kando.

Suala la Orki, viumbe wakatili wanaopigana katika majeshi ya uovu, linaonyesha hatari hiyo vizuri zaidi. Kitabu cha The Silmarillion kinasema kwamba wenye hekima waliamini Orki walitokana na Waelfi waliotekwa na kupotoshwa kwa mateso. Wengi wanachukulia hilo kuwa ukweli uliothibitishwa. Lakini The Silmarillion kilitoka mwaka 1977, miaka minne baada ya kifo cha mwandishi, kikiwa kimeunganishwa na Christopher kutoka miswada mingi isiyoafikiana. Christopher mwenyewe baadaye alichapisha miswada hiyo katika juzuu kumi na mbili kati ya 1983 na 1996, na katika juzuu iliyotoka mwaka 1993 tunamwona baba yake akihangaika: mara Orki watokane na Binadamu, mara wawe wanyama wasio na roho, mara baadhi yao wawe pepo waliojivika miili. Hakufikia uamuzi wa kumridhisha. Kilichomsumbua ni imani yake kwamba uovu hauwezi kuumba, unaweza kuharibu tu kilichoumbwa; na kama Orki ni viumbe wenye akili na nafsi, basi haiwezekani wawe wamepotea moja kwa moja bila nafasi ya kuokolewa. Wakati huohuo riwaya inawaua kwa maelfu bila mtu kujuta.

Msomaji anayetaka kujua Tolkien aliamini nini atajibiwa kwamba inategemea ni mwaka gani. Lakini msomaji anayeuliza riwaya yenyewe inasema nini ana ukurasa wa kuusoma. Karibu na mwisho wa juzuu ya pili, Orki wawili, Shagrat na Gorbag, wanapiga soga gizani wasijue kwamba Sam, mtumishi na mwenzi wa safari wa Frodo, anawasikia. Wanawalalamikia wakubwa wao. Wanaota kuondoka vita vikiisha, wakiwa na vijana wachache wa kuaminika, waende mahali pasipo na mabwana. Wanaushutumu mtindo wa kumtelekeza mwenzako vitani. Viumbe hao ni waovu na wakatili, lakini wanajua maana ya usaliti, na wanatamani maisha mengine. Mistari hiyo michache inaleta matata kuliko barua zote, na ipo ndani ya kitabu, ambako hakuna anayeweza kuiita rasimu.

Wanazuoni waliligusa suala hili kwa njia zao. Mwaka 1946 Wamarekani wawili, W.K. Wimsatt na Monroe Beardsley, walitoa hoja kwamba nia ya mwandishi si kipimo kinachopatikana kwa urahisi wala kinachofaa kuhukumia kazi ya fasihi. Na mwishoni mwa miaka ya 1960 Mfaransa Roland Barthes akatangaza kifo cha mwandishi. Mashabiki wamelidaka tamko la Barthes na kulitumia kwa maana kwamba fasiri zote ni sawa. Haifuati hivyo. Kumwondoa mwandishi katika kiti cha hakimu hakuyaondoi maandishi, na maandishi yanaweza kuikataa fasiri kwa ukali kuliko mwandishi. Anayesema kwamba Pete inawakilisha elimu, kwa mfano, atakwama mapema sana, kwa kuwa Pete haimfundishi yeyote chochote. Inachofanya ni kumpa kila mtu picha ya yeye mwenyewe akiwa mtawala, hata Sam mtunza bustani, anayeoneshwa jangwa la Mordor likigeuka bustani kwa amri yake.

Upo ukurasa ambamo maswali yote manne yanakutana, nao ni ule wa Frodo akiwa kwenye ukingo wa moto wa Mlima wa Maangamizi. Baada ya safari nzima anasimama na kutangaza kwamba hatafanya alichokuja kukifanya, na kwamba Pete ni yake. Kisha Gollum, aliyeimiliki Pete zamani na akawa mtumwa wa kuitamani, anamvamia, anamng'ata kidole chenye Pete, anacheza kwa furaha na kutumbukia motoni. Dunia inaokoka. Nini kimetokea?

Wapo wanaosema ni ajali tu: Gollum aliteleza. Wapo wanaorudi nyuma kurasa chache tu katika sura hiyohiyo na kukumbusha kwamba Frodo, akiishika Pete kifuani, alikuwa amemwonya Gollum kwa sauti ya mamlaka kwamba akimgusa tena atatupwa yeye mwenyewe katika moto ule. Kwao Gollum aliangushwa na kiapo na laana iliyotamkwa kwa nguvu ya Pete, na hivyo Pete imejiangamiza yenyewe. Wapo wanaorudi nyuma zaidi, hadi sura ya pili ya riwaya, ambako Gandalf anamwambia Frodo kwamba huruma ya Bilbo, hobiti aliyekuwa na Pete kabla ya Frodo na aliyeuzuia mkono wake asimwue Gollum, huenda ikaamua majaliwa ya wengi. Kwao mlimani hakuna ajali wala uchawi. Kuna matunda ya huruma iliyooneshwa mara kwa mara na watu waliokuwa na kila sababu ya kuua.

Tolkien aliulizwa. Mwaka 1956 alitaja kwamba amepokea barua ya hasira kutoka kwa mtu aliyedai Frodo alistahili kunyongwa kama msaliti badala ya kutukuzwa. Katika majibu yake ya mwaka huo alisema kwamba nguvu ya uovu duniani haizuiliki hadi mwisho na viumbe wenye miili, hata wawe wema kiasi gani, na kwamba pale Frodo alipofika mwisho wa uwezo wake, Mwandishi wa Hadithi alishika usukani, na kwa jina hilo hakumaanisha nafsi yake. Mwaka 1963 aliongeza kwamba haoni kuwa Frodo alishindwa kimaadili, kwani shinikizo la Pete mahali pale lisingeweza kuhimiliwa na mtu yeyote. Kwa hiyo kuhusu nia ya mwandishi hatuna shaka kubwa. Lakini fasiri ya laana haijafutwa na barua hizo, kwa sababu maneno ya Frodo yapo ukurasani na hayakuwekwa bure. Na fasiri hiyo na jibu la Tolkien havigongani, kwa maana majaliwa yanaweza kupita katika kinywa cha mtu anayelaani. Dhaifu ni fasiri ya ajali peke yake, nayo ni dhaifu kwa sababu inatulazimu tusahau kurasa ambazo kitabu kinatuomba tuzikumbuke. Hapo hatuhitaji barua hata moja kuipima.

Kwa msomaji Mwafrika, hata hivyo, kuna ukurasa mzito kuliko huo. Katika mapigano ya nyanda za Pelennor, miongoni mwa majeshi ya Sauron wanatajwa watu weusi kutoka Harad ya mbali, waliofananishwa na viumbe nusu mazimwi, wenye macho meupe na ndimi nyekundu. Harad ni kusini. Ndiko wanakotoka tembo wakubwa wa vita. Na karibu kila jeshi la kusini na mashariki linalotajwa liko upande wa uovu. Shabiki anapoeleza kwamba sentensi hiyo inamwumiza, jibu la haraka analolipata ni kwamba Tolkien hakuwa mbaguzi. Ushahidi wa jibu hilo upo, na ni wa haki kuutaja. Mwaka 1938 mchapishaji wa Ujerumani alipotaka kujua kama ana asili ya Kiariani, aliandika rasimu ya jibu lililojaa dharau, akisema anasikitika kwamba hana mababu katika taifa lile lenye vipaji la Wayahudi. Mwaka 1959, katika hotuba ya kuaga Chuo Kikuu cha Oxford, mtu huyu aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, alisema kwamba chuki dhidi ya apatheidi imo mifupani mwake. Lakini rekodi hiyohiyo ina barua ya mwaka 1958 ambamo, akieleza sura za Orki kwa watengeneza filamu, alizifananisha na watu wa aina ya Kimongolia waliopotoshwa, kwa jinsi wanavyoonekana machoni pa Wazungu. Hata nia ya mwandishi, tukiikusanya yote, haizungumzi kwa sauti moja.

Muhimu zaidi, swali halikuwa juu ya moyo wa Tolkien. Aliyeumizwa alikuwa anaeleza maandishi yanabeba nini, akajibiwa kwa wasifu wa mwandishi. Kama tunataka kumjibu kwa ushahidi unaofaa, tumpeleke katika kitabu chenyewe, na humo kuna Sam, aliyeshuhudia kwa mara ya kwanza binadamu wakipigana na binadamu, na mpiganaji wa Harad akaanguka na kufa karibu naye. Sam anajiuliza jina la mtu yule, ametoka wapi, kama kweli alikuwa na moyo mwovu, au ni uongo na vitisho gani vilivyomfikisha mbali hivyo na kwao, na kama asingependelea zaidi kubaki huko kwa amani. Aya hiyo inalihoji lile wazo la jeshi la wageni wasio na nyuso. Haiufuti ule mstari wa Pelennor; riwaya inayo yote mawili, na fasiri inayoficha moja kati ya hayo haijasoma kitabu kizima.

Mwaka 2022, mfululizo wa televisheni wa The Rings of Power ulipowapa waigizaji weusi nafasi za wahusika ambao mashabiki wengi walikuwa wamewawazia kuwa weupe, ubishi ulilipuka tena, na kwa mara nyingine maswali yalichanganyika. Wengine waliuliza Waelfi wana rangi gani katika maandishi, na hilo linaweza kutafutwa, ingawa maandishi yanaeleza mengi juu ya nywele na machache juu ya ngozi. Wengine waliuliza Tolkien angetaka nini, jambo ambalo marehemu hawezi tena kulijibu. Wengine walikuwa wanauliza nani anaruhusiwa kujiona ndani ya dunia ile. Swali hili la mwisho ni la msomaji, na mwandishi aliyeandika mwaka 1965 kwamba uhuru wa kuihusisha hadithi na maisha uko mikononi mwa msomaji hakuweka mpaka wa msomaji huyo kuwa wa Oxford au wa Mombasa.